Jino la Mlingoti na Basi la Asubuhi

Mwenyekiti wa wanafunzi alikuwa na kipaza sauti, na mtu aliyepewa kipaza sauti hagongi mlango. Alisimama kwenye korido, mdomo wa kifaa chake ukikaribia kugusa kitasa cha chumba cha Koleo, akanguruma kana kwamba anayemwita yuko ng'ambo ya mto.

"Chumba cha mwisho! Ripoti ya asubuhi! Mwenzako umemwona?"

"Nimemwona," Koleo alijibu kutoka kitandani, shuka limefika kidevuni.

"Kwa macho yako?"

"Kwani wewe unaona kwa magoti?"

"Koleo, usalama hauna utani. Umemwona wapi, na alikuwa katika hali gani?"

Koleo akavuta shuka mpaka puani. Ukweli ni kwamba hakuwa amemwona mtu. Siku hizi alikuwa akitoa ripoti za Mlingoti kwa kusikiliza tu. Akisikia viatu vikubwa vikiburuzwa kwenye ngazi, anajua mwenye viatu yuko hai, basi yamekwisha. Zaidi ya hapo hakutaka kujua lolote, au ndivyo alivyojiambia kila alipojikuta amesimama nyuma ya mlango, sikio limebandikwa kwenye ubao.

Mji ule waliokuja kusomea ulikuwa umechafuka. Nani aligombana na nani, na kwa sababu ipi, hayo tuwaachie wenyewe. Kwa wanafunzi wageni waliofungiwa bwenini, machafuko yalikuwa ni maduka kufungwa, moshi wa matairi kuingia mpaka kwenye kabati la nguo, na milio ya huko mbali ambayo kila mtu alisema ni baruti za harusi huku akijisogeza taratibu mbali na dirisha.

Ndipo Mwenyekiti alipobuni utaratibu wake, akaupenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Kila mwanafunzi akapewa mwenza wa usalama. Asubuhi na jioni lazima umwone mwenzako kwa macho, useme mbele ya Mwenyekiti kwamba ni mzima. Akitoka, ujue kaenda wapi. Na siku ya kuondoka, wenza wanapanda basi pamoja au wanabaki pamoja, hakuna kumwacha mtu nyuma. Utaratibu ulikuwa mzuri, tena ulikuwa umeshawarudisha bwenini watu waliopotelea kwenye moshi. Ubaya wake ni kwamba haukujua mambo ya moyo. Koleo na Mlingoti walipangwa pamoja enzi wanagawana hata kijiko. Sasa walikuwa hawasemezani, na Mwenyekiti hakutaka kusikia habari za kubadilishana.

Ugomvi wao ulianzia jikoni. Koleo, ambaye jina hilo alilipata kwa kusomea udaktari wa meno, alikuwa anampelekea Mlingoti, mpenzi wake, chai. Akamkuta amempa mgongo, anazungumza na mama yake kwenye simu. "Hapana mama," alikuwa anasema, "hakuna cha msichana wala nini. Yule ni mwanafunzi mwenzangu tu."

Tu! Mapenzi ya miaka miwili, ya kusubiriana kwenye mvua na kufuliana soksi, yakafungwa kwa neno moja dogo kama punje. Koleo aliimwaga ile chai kwenye sinki mbele ya macho yake, akaosha kikombe, akakifuta, akakirudisha kabatini, akaondoka. Hasira yake ilikuwa na usafi wake. Tangu siku hiyo Mlingoti akibisha mlango, mlango unajibu wenyewe kwa kukaa kimya.

"Hujamwona," Mwenyekiti alisema sasa. "Mimi nimemwona. Shavu limevimba kama mtu aliyeficha limau. Hajalala. Anatembea na kitambaa kimezunguka kichwa."

Koleo aliketi. "Shavu lipi?"

"Kumbe unajali."

"Nauliza kitaalamu."

"Kitaalamu ni la kushoto. Sasa nisikilize vizuri." Mwenyekiti alishusha kipaza sauti, na hapo ndipo Koleo alipojua kwamba mambo ni mazito, maana hakuwahi kukishusha. "Basi la mwisho la kwenda uwanja wa ndege linaondoka kesho asubuhi. Mlangoni kuna watu wa afya. Mwenye homa au uvimbe habebwi mpaka daktari aseme anaweza kusafiri, na hospitali zote za upande huu zimefungwa. Mlingoti asipobebwa, na wewe hubebwi."

"Nibadilishie mwenza."

"Kila mtu ana wake, Koleo. Aliyebaki ni mimi, na mwenza wangu mimi ni hiki kipaza sauti."

Akaondoka kwenda kuamsha wengine. Koleo alitazama simu yake, iliyokuwa imejaa jumbe za sauti za mama yake tangu alfajiri. Nusu ya jumbe hizo ilikuwa kilio, nusu ilikuwa mambo ya kutosahau. "Kesho nisipokuona hapa, nakuja kukufuata mwenyewe, hata kwa miguu. Na uje peke yako kama ulivyokwenda. Nilikutuma kusoma, sikukutuma kuokota watu." Kwa nyuma ilisikika sauti ya shangazi mtu, dada wa baba, ambaye tangu machafuko yaanze alikuwa amehamia pale nyumbani ili asipitwe na habari: "Mwambie na viatu vya ngozi asiviache!"

Milio ya usiku uliopita ilikuwa imesogea. Hilo Koleo alilijua, hata kama hakumwambia mama yake. Basi lile likiondoka bila yeye, hajui lingine litakuja lini, wala kama litakuja. Na atakuwa amebaki na nani? Na yule yule bwana wa "tu". Alitupa shuka pembeni, akafungua mlango.

"Mwenyekiti!" aliita. "Mwambie aje jikoni. Na karafuu zozote alizojaza mdomoni azitoe."

Mkoba wa vifaa alikuwa nao, kwa kuwa chuo kiliwaruhusu wa mwaka wa mwisho kuondoka na mikoba yao siku milango ilipofungwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumpigia mwalimu wake, daktari wa meno, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, ambaye alikuwa amekwama nyumbani kwake, barabara zote za upande ule zimezibwa.

"Ungetaka kufanya peke yako ningekukataza," mwalimu alisema kwenye kioo cha simu. "Lakini nitakutazama mwanzo hadi mwisho. Nikisema acha, unaacha. Simu ishikwe na mtu asiyetetemeka mkono."

"Mimi hapa," alisema Mwenyekiti, kizibao chake cha kung'aa kimefungwa mpaka shingoni. "Nimeongoza watu katikati ya moshi. Jino ni nini?"

Mlingoti aliingia, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango kama kawaida yake. Alikuwa mrefu mno. Milango yote ya bweni lile ilikuwa imeshampiga, na pamoja na kusomea ujenzi hakuwahi kujifunza kuinama. Kitambaa kilimzunguka taya, fundo likasimama utosini kama masikio ya sungura. Koleo aliuma mdomo kwa ndani ili asicheke. Hakuwa amejiandaa kucheka, alikuwa amejiandaa kununa.

"Shikamoo, daktari," alisema Mlingoti, akijaribu utani kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado ni yake.

"Kaa."

"Koleo, nilikuwa nataka kukwambia kwamba ile siku..."

"Fungua mdomo."

"Aaa. Ile siku nilipokuwa..."

"Nimesema fungua mdomo, sijasema toa maneno. Ni vitu viwili tofauti."

Alimfungua kitambaa, akamulika. Gego la chini, la kushoto, lilikuwa limeoza kwa ndani na fizi imevimba kulizunguka. "Limeanza kuuma lini?"

"Siku uliyomwaga chai."

"Jino halijui habari za chai."

"La kwangu linajua."

"Huyo mgonjwa anasema nini?" mwalimu aliuliza kutoka kwenye simu.

"Anaeleza historia ya ugonjwa, mwalimu."

Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha mtu anayetamani kuwa kwingine. Koleo alivaa glavu na barakoa, akashukuru kimoyomoyo kwamba barakoa inaficha nusu ya uso. Nusu ya juu, lakini, haikuwa na pa kujificha, na macho hayana pazia. Aliinama, na yale macho ya Mlingoti, mekundu kwa kukosa usingizi, yakamtazama kutoka karibu kiasi cha kuhesabika kope. Yalimtazama kama yalivyomtazama siku zote. Koleo alimpenda mtu huyu. Hilo ndilo lililomkera kuliko jino, kuliko basi, kuliko hata lile neno, kwamba alikuwa bado anampenda na mikono yake ilikuwa inajua.

"Umeacha kazi, unatazama," mwalimu alisema.

"Hapana, mwalimu."

"Mimi naona unachotazama. Chukua sindano."

Aliichukua. Mlingoti alipoiona sindano alishika viti viwili, alichokalia na cha jirani.

"Ngoja kwanza! Kabla hujanichoma, nisikilize. Mama yangu mimi unamsikia tu, humjui. Siku ile aliponiuliza..."

"Utaniambia likishatoka."

"Likishatoka nitakuwa na mdomo gani?"

"Huo huo unaokusumbua sasa hivi," Koleo akasema, akachoma.

Walisubiri ganzi ishike. Ilipokwisha kushika, Koleo alichukua lile koleo lenyewe, na kwa muda akasahau kwamba huyu ni nani na amefanya nini. "Usivute," mwalimu alikuwa anasema polepole. "Liyumbishe. Tena. Jino huagwa, halinyang'anywi. Tena kidogo." Mlingoti alikuwa amefumba macho na mkono wake umeshika pindo la koti la Koleo, na Koleo hakuuondoa. Kisha kitu kikaachia, na jino likatoka zima, mizizi yake yote, likaanguka kwenye bakuli la bati.

"Kazi safi," alisema mwalimu, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sawa na wimbo. "Weka pamba, aing'ate. Dawa za kumeza umpe kama tulivyosema. Na asifungue mdomo wala asitamke neno mpaka damu ikatike, la sivyo utakesha naye. Nitamweleza huyo kiongozi wenu kwamba mgonjwa anaweza kusafiri."

"Ndiye aliyeshika simu, mwalimu."

"Basi amesikia." Akakata.

Amesikia, lakini alikuwa haoni vizuri. Mwenyekiti, aliyeongoza watu katikati ya moshi, alikuwa amechungulia ndani ya bakuli. "Hiyo," alisema, midomo imepauka, "hiyo ni damu?"

"Ulitaka iwe nini?"

Mwenyekiti alifumba macho. Akashuka chini akiegemea kabati, taratibu, kwa heshima zote za cheo chake. Simu ya Koleo ilikuwa imeanza kulia mkononi mwa Mwenyekiti, na kidole gumba chake kilipita juu ya kioo, kikaipokea kwa video, wakati wa safari hiyo ya kushuka. Koleo aliidaka kabla haijafika sakafuni, akaisimamisha mezani kwa kuiegemeza kwenye mkate, akainama kumsaidia mgonjwa wake wa pili.

Hivyo ndivyo mama yake alivyoliona jiko lile: mwanamume mwenye kizibao amelala chali, mwanamume mwingine mrefu ameketi kitini na pamba imemjaa mdomoni, na katikati yao binti yake wa mwisho, glavu zimelowa damu, mkononi ameshika chuma.

"Wameingia!" mama alipiga yowe. "Wifi, njoo uone! Wamemfikia mwanangu!"

"Wamemziba mtu mdomo!" shangazi alidakia, uso wake ukijaa kwenye kioo. "Huyo aliyelala keshakufa!"

"Mama, hapana..."

"Mwanangu, weka hicho chuma chini! Usiue mtu, sisi tutakuja!"

"Mama! Nimeng'oa jino!"

Koleo akalisogeza bakuli mbele ya kioo. Mwenyekiti aliguna sakafuni, ushahidi kwamba yu hai.

"Jino?" mama alisema.

"Jino, mama. Huyo aliyelala ameona damu akazimia. Ndiye mwenyekiti wetu wa usalama."

"Huyo ndiye anayewalinda ninyi?"

"Akiwa amesimama ni hodari sana."

Mama alipangusa machozi kwa ncha ya kanga, na alipomaliza, macho yake yalikuwa makavu kabisa, tena makali. "Na huyo mrefu ni nani?"

"Ni mgonjwa wangu."

"Mgonjwa gani anamtazama daktari namna hiyo? Wifi, hebu angalia hayo macho ya huyo mgonjwa."

"Nimeyaona kabla yako," alisema shangazi.

"Wewe kijana!" mama aliita. "Ndiyo, wewe. Wewe ni nani kwa mwanangu?"

Mlingoti alisimama. Kichwa kikatoka nje ya kioo, akalazimika kukunja magoti ili kirudi. Aliweka mkono kifuani, akainama kwa heshima zote alizofundishwa kwao.

"Hata salamu hana," alisema shangazi.

"Shangazi, haruhusiwi kusema. Ana pamba, damu bado haijakatika."

"Mwanamume akitaka kusema atasema," alisema mama. "Asiyetaka ndiye anayeng'olewa jino."

Koleo alitazama pembeni. Swali lilikuwa lile lile, safari hii limetoka kwa mama mwingine, na Mlingoti alikuwa amepata kisingizio kizuri kuliko vyote duniani. Tena kisingizio chenyewe alikuwa amepewa na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amekataa kumsikiliza zaidi ya mara moja. Kama mtu angetaka kunyamaza na asilaumiwe na yeyote, saa yake ilikuwa hii. Koleo alianza kupanga vifaa kwenye bakuli.

Lakini Mlingoti alikuwa anajipapasa mifuko. Alitoa simu yake, akabonyeza, akaiegemeza kwenye birika, akaisogeza mpaka kioo chake kikatazamana na kioo cha simu iliyoegemea mkate. Ililia kidogo tu. Mama yake alikuwa hachelewi kupokea siku hizi.

"Mwanangu!" ilisema sauti mpya, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kisha, "Wewe mama ni nani, na simu ya mwanangu umeipata wapi?"

"Nani, mimi?" alisema mama yake Koleo. "Wewe ndiye umeingia kwenye simu ya mwanangu!"

"Mbona haonekani? Mbona hasemi? Wamemfanya nini?"

"Shikamoo, mama," Koleo aliwahi, akiingiza uso kati ya simu mbili. "Ni mzima. Nimemng'oa jino, ana ganzi, hawezi kusema kwa sasa."

"Marahaba. Na wewe ndiye nani?"

Kabla hajajibu, Mlingoti alizigeuza simu kidogo ziwaone, akamshika mkono. Aliuinua, na glavu yake na damu yake, akauweka juu ya kifua chake, penye shati jeupe, akaubana hapo kwa mikono miwili. Kisha akaitazama simu ya mama yake bila kupepesa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shangazi alisikika akivuta pumzi.

"Aha," alisema mama yake Mlingoti. "Kumbe ndiye huyu. Huyu ndiye aliyekufanya uache kiti chako kwenye basi la kwanza."

Koleo aligeuka. "Kiti gani?"

"Usijifanye hujui, binti. Basi la kwanza lilikuja kuchukua wa chuo chake, kwa kuwa chuo chao ndicho kilichokuwa upande wenye moto. Wenzake wote wako makwao wanakula na kulala. Yeye akasema ana kazi ya kumalizia. Kazi gani, shule imefungwa?"

"Aliniambia basi lilijaa," alisema Koleo, sauti imepotea.

"Lilijaa! Kiti chake kilikaliwa na begi la mtu. Nikamuuliza, kuna msichana hapo? Akaapa hakuna, ni mwanafunzi mwenzake tu. Kwa sababu nilikuwa nimemwambia wazi, nikimjua huyo msichana anayenizuilia mwanangu kwenye hatari, nitapata namba yake, na hatalala mpaka amenirudishia mtoto."

Koleo alimtazama Mlingoti. Mlingoti alitazama sakafu, halafu akamtazama yeye, akatikisa kichwa kwa huzuni. Kichwa kile kilisema yote aliyojaribu kuyasema kabla ya sindano. Siku zote hizi Koleo alikuwa amebeba lile neno kama jiwe kwenye kiatu, na kumbe mtu alilitamka ili yeye asiguswe. Alitaka kulia na alitaka kumpiga. Mtu huyu alikuwa mjinga kiasi gani, kukaa kwenye moshi kwa ajili yake halafu asiseme!

"Hebu subiri, dada," mama yake Koleo alisema. "Mwanangu hakumfunga mtu kamba. Kama wako aliamua kubaki, ni miguu yake."

"Miguu yake ilikuwa sawa kabla hajamjua wako!"

"Na jino je? Wangu kamng'oa wako jino bure, umeshukuru?"

"Kwanza nilione hilo jino, nijue lilikuwa bovu kweli!"

Mlipuko uliokatiza maneno yao haukuwa baruti za harusi. Ulikuwa mtaa wa pili, labda wa karibu zaidi. Vioo vya dirisha vilitikisika, vikombe vikagongana kabatini. Koleo hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika chini ya meza. Alichokumbuka ni mkono mrefu uliomzunguka, kifua kilichomfunika, na sufuria ambayo Mlingoti alikuwa ameichukua kutoka kusikojulikana, akamvika kichwani. Miguu yake mwenyewe, kwa urefu wake, ilibaki nje ya meza mpaka magotini.

"Kila mtu chini!" alipaza sauti Mwenyekiti, akizinduka. Yeye alikuwa ameshatangulia huko.

Juu ya meza, mama wawili walikuwa wanaita neno moja. "Mwanangu! Mwanangu!" Ungeshindwa kujua sauti ipi ni ya nani.

"Tupo!" Koleo alisema kutoka chini ya sufuria. "Tupo, mama!"

"Wote wawili?" aliuliza mama yake Mlingoti.

"Wote wawili."

"Nataka kumsikia wangu."

Mlingoti aligonga mguu wa meza kwa ngumi yake. Akagonga tena. Mama yake akaangua kilio, kilio cha mtu aliyejizuia siku nyingi. Mama yake Koleo alimwacha alie, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe unalala usiku?"

"Nani alale? Nalala na simu kifuani."

"Mimi naiweka chini ya mto, halafu naamka kuangalia kama inalia."

"Hata mimi siiamini kwamba italia."

Nje palitulia. Mwenyekiti alitambaa hadi dirishani, akachungulia kwa jicho moja, akatangaza kwamba hakuna kitu kilichogusa jengo. Koleo na Mlingoti walijitoa chini ya meza, wamechafuka, na Koleo bado amevaa sufuria.

"Tugeuzeni tuwaone," aliamuru mama yake Koleo. Mlingoti akazigeuza simu. "Sasa sikilizeni. Kesho asubuhi mnapanda hilo basi, wote."

"Wote, bila mjadala," alisema mwenzake. "Wakae kiti kimoja, wangu amlinde."

"Kiti kimoja hapana. Sisi bado hatujazungumza."

"Basi viti vya jirani."

"Jirani sawa. Njia ipite katikati."

"Na huyo wa kizibao akae nao," alisema shangazi.

"Lakini kabla hatujaagana," mama yake Mlingoti alisema, na ule uzito ukarudi kwenye sauti yake, "wangu ameshajibu, hata kwa mdomo uliojaa pamba. Na wewe, binti? Mwanangu ni nani kwako?"

Koleo alivua sufuria. Jibu lilikuwa tayari. Alikuwa amelinoa tangu siku ya chai, akilala nalo na kuamka nalo, akingojea siku ya kulirusha: mwanafunzi mwenzangu tu. Alifungua mdomo. Huku yupo mama yake, aliyesema asirudi na mtu. Huku yupo mama wa watu, aliyeahidi kumnyima usingizi. Shangazi alikuwa hapumui. Ulimi wa Koleo haukuchomwa sindano yoyote, lakini ulikuwa mzito, na sasa alielewa ni rahisi kiasi gani, mbele ya mama, kujificha nyuma ya neno dogo.

"Nampenda," alisema, akimtazama mama yake mwenyewe kwanza. "Nimemkasirikia mpaka nimechoka, mama, na bado nampenda. Ulisema nije peke yangu. Siwezi. Nifokee nikifika."

Kisha akageukia simu ya pili. "Na wewe, mama, nisamehe kwa kile kiti. Kesho nakurudishia mtoto. Namba yangu atakupa. Nipigie hata usiku."

Mama wawili walitazama vioo vyao. Hakuna aliyesema ndiyo, wala aliyesema hapana. Shangazi ndiye aliyekohoa.

"Basi angalau afutwe mate, tumwone vizuri tunayepewa."

Kweli, ganzi ilikuwa imeushusha mdomo wa Mlingoti upande mmoja, na mate yenye rangi ya damu yalikuwa yamefika kidevuni bila yeye kujua. Alikuwa amesimama mbele ya wakwe, amekunja magoti, shati lina alama ya mkono mwekundu, akidhani amependeza. Koleo alivua glavu. Alichukua kitambaa safi, akamfuta kidevu, taratibu, kisha shavu lililovimba, kwa vidole vyake vitupu. Upande ule Mlingoti hakuhisi kitu. Akageuza uso, akamletea upande wa pili.

"Huko hakuna mate!" alisema shangazi.

Koleo aliendelea kufuta.